Jibu B, Udongo Ukiwa Mkavu

Mimi hasira zangu ziko karibu. Sifichi, na hata nikificha wanafunzi watanicheka, maana wamenibandika jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Nafundisha kilimo katika shule ya sekondari ya kutwa, kama mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Matiliku. Kwa miaka mingi kitu kilichonipandisha mori kuliko uchelewaji, kuliko kelele hata, ni mwanafunzi kujibu swali ambalo sikumuuliza.

Nauliza, taja matumizi mawili ya ng'ombe. Mmoja ananiandikia, kulipa mahari na kulipa karo. Hapo nilicheka peke yangu kwenye chumba cha walimu, nikampa maksi zote mbili, kwa sababu hakuna uongo aliosema. Lakini nauliza hatua za kutayarisha kitalu, mtu ananieleza jinsi shangazi yake anavyopanda sukuma wiki nyuma ya bafu ili inywe maji ya kuoga. Kwani nilimuulizia shangazi yake?

Kutunga maswali ni kazi, asikudanganye mtu. Swali moja liulize jambo moja. Majibu ya kuchagua yalingane urefu, kwa sababu watoto hawa ni wajanja, wakiona jibu moja limerefushwa wanajua ndilo mwalimu alilolihangaikia, wanalizungushia duara bila kusoma swali lenyewe. Na sehemu ngumu kabisa ni yale majibu ya uongo. Jibu la kweli liko kitabuni, unanakili tu. Yale matatu ya uongo ndiyo yanakutoa jasho, maana lazima yafanane na ukweli. Ukiandika upuzi, hata aliyelala darasani mwaka mzima atapata. Jibu zuri la uongo ni lile ambalo mtu asiyesoma kitabu ataliamini kwa moyo wake wote. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwafundisha walimu wa mazoezi wanaotumwa kwetu.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi, muhula wa tatu, mtihani wa kidato cha pili. Jumapili baada ya kanisa nilikaa mezani na kitabu, nikatunga maswali thelathini. Karatasi zetu ni za Kiingereza, ila nitayaeleza kwa Kiswahili kwa sababu kosa nililofanya halikuwa la lugha. Swali la kumi na mbili liliuliza, mkulima anafaa kupanda mahindi lini? Jibu A, mvua inapoanza kunyesha. Hilo ndilo la kitabu. C, mvua ikiwa katikati. D, mvua ikielekea kuisha. C na D zilikuwa dhaifu, nilijua, lakini nilikuwa nimechoka. Ilibaki B.

Nikamkumbuka mama yangu. Mama yuko upande wa Mwingi, kule nilikozaliwa, na hajawahi kungoja mvua maishani mwake. Anapanda kavu. Ukambani kote tunapanda hivyo, Kitui na Makueni, kwa sababu mvua ya Novemba ni fupi na haimsubiri mtu. Unalima ardhi ikiwa vumbi, unatia mbegu kwenye vumbi, unafukia, unaenda nyumbani kuomba Mungu. Tone la kwanza likianguka linaikuta mbegu iko tayari chini. Ukingoja mvua ndio utoke na plau, wiki moja imeenda, mbili zimeenda, na mvua yenyewe ina wiki tatu za kukaa nasi. Mtoto yeyote wa hapa anajua. Aliyeandika kitabu aliandikia Kenya nzima, na nadhani macho yake yalikuwa upande wa kule mvua inakonyesha mpaka watu wanailalamikia.

Basi nikaandika B, kabla ya mvua, udongo ukiwa mkavu. Na haki ya Mungu nilifurahi. Nilijisifu pale mezani, nikasema hili sasa ndilo jibu la mtego, hili litawanasa wale wa shangazi na bafu.

Liliwanasa. Zaidi ya nusu ya darasa walichagua B. Nilisahihisha nikizidi kukasirika kila karatasi, nikiona miezi yote niliyopiga kelele mbele yao imeenda bure. Haikunipitia akilini kwamba swali halikusema shamba liko wapi. Mkulima gani? Wa Molo kwenye mvua nyingi ama wa Matiliku? Ningeongeza maneno matatu tu swali lingesimama. Sikuongeza.

Kati ya walionaswa kulikuwa na msichana mmoja aliyekaa dawati la mbele, karibu na mlango. Alikuwa bora kuliko wote niliowahi kufundisha kilimo. Wazazi wake hawako, wote wawili wamefariki, na yeye na ndugu yake mdogo wamelelewa na nyanya yao, ambaye wao humwita Susu kama tunavyoita sisi Wakamba. Alisema atakuwa afisa wa kilimo. Si kwa majivuno, alisema kama mtu anayekuambia ataenda kuteka maji kesho. Katika maswali thelathini alikosa moja tu, hilo la kumi na mbili.

Aliniletea karatasi yake mezani. "Madam," alisema, "huku si tunapandanga kabla ya mvua?"

Nilimjibu mbele ya wote. "Mtihani umekuuliza kilimo. Haujakuuliza mambo ya kwenu." Wenzake wakacheka. Kisha nikachukua kalamu nyekundu na kwenye karatasi yake, yake peke yake kwa sababu ndiye niliyemtarajia zaidi, nikaandika: Fuata kitabu. Wacha mazoea ya nyumbani, ndiyo yanaleta njaa.

Niliandika hivyo. Mkono ni wangu na mwandiko ni wangu.

Shuleni kwetu aliyekosa hufanya masahihisho. Anaandika jibu sahihi mara kumi kwenye daftari, halafu anapeleka karatasi nyumbani mzazi aione na kuweka sahihi. Wazazi wengi huweka sahihi bila kusoma, huku wakifukuza kuku. Yule msichana alirudisha karatasi yake siku ya pili, ina alama ya kidole gumba iliyopakwa wino wa biro. Nikaweka tiki nikamrudishia. Shule zikafungwa mwisho wa mwezi.

Mvua ilikuja wiki ya pili ya Novemba, ikanyesha wiki tatu na siku kidogo, ikafunga. Haikuwa mbaya. Kwa huku kwetu, mvua ya wiki tatu watu wanaenda kutoa shukrani kanisani.

Januari tulipofungua, dawati la karibu na mlango lilikuwa tupu. Siku ya kwanza nikadhani ni ugonjwa. Wiki ya pili nikauliza darasa, na msichana anayepitia njia moja naye akasema ameenda Kambu, kule barabara ya Mombasa, anafanya kazi kwa hoteli ya madereva. "Kwao hawakuvuna," akasema. Nikashangaa. Njia yote ya kuja shuleni nilikuwa nimeona mashamba ya watu yana mahindi ya kukauka na ndengu, zile choroko, zimeanikwa. Kwao tu ndio hawakuvuna?

Jioni hiyo nilienda. Susu alinipokea kama anampokea mchungaji. Alinitolea kiti chenye mgongo, yeye akakalia kigoda, akapika chai ya rangi na kuomba msamaha kwamba haina maziwa. Tulizungumza Kikamba. Kutoka pale nilipokaa niliona shamba lake, na mahindi yake yalikuwa yamefika magotini yakakaukia hapo. Hayakuwa hata na mbelewele. Shamba la jirani, ng'ambo ya ua wa miti, lilikuwa limeshavunwa.

Nikamuuliza, "Susu, mlichelewa kupanda?"

"Hatukuchelewa, mwalimu," alisema. "Tulifanya vile ulituambia."

Alikuwa na kipochi kidogo anachowekea kitambulisho, akatoa humo karatasi imekunjwa mara nne. Niliijua kabla hajaikunjua. Akaniambia yote polepole bila ubaya, kama mtu anayetoa ripoti kwa mkubwa wake. Msichana alimsomea nilichoandika. Yeye akasema, mjukuu wangu, mimi nimepanda kavu tangu niolewe. Msichana akamwambia, ndiyo maana kila mwaka tunalia njaa, Susu, angalia, mwalimu ameandika hapa. Jirani alikuwa ameshaleta ng'ombe wake wa plau asubuhi hiyo, maana Susu hana ng'ombe, na mwezi wa kumi jirani huyo hufurahi kumsaidia kwa kuwa hana haraka. Wakamwambia awarudishe, aje mvua ikianza.

"Mvua ilipoanza ng'ombe walikuwa kwake," Susu alisema. "Kwani wangekuwa wapi? Alimaliza lake, akamaliza la ndugu yake, akaja kwetu. Mvua ilikuwa inaaga."

Chai ilinishinda. Nilishika kikombe tu. Nilitaka kumwambia, Susu, mimi sikusema mpande hivyo, lile lilikuwa swali la mtihani, lilikuwa la kitabu. Lakini hebu fikiria unamwambia hivyo mama wa miaka sabini ambaye nyuma yake kuna shamba lililokauka. Swali la mtihani. Kwani mtoto tunamfundisha kilimo akafanye wapi, mwezini? Na yeye alikuwa na haki ya kuniamini. Ni mimi niliyesimama kwenye mkutano wa wazazi nikawaambia mambo haya si ya karatasi tu, waacheni watoto wawafundishe.

Kisha akaniuliza, na ni hapo roho yangu ilipokatika kabisa. Akasema, "Sasa hii mvua ya Machi, mwalimu, tupande lini?"

"Pandeni kavu, Susu," nikasema.

Aliniangalia kidogo. "Kumbe kitabu kimebadilika," akasema. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa.

Wiki zilizofuata sitaki kuzikumbuka lakini zinanikumbuka zenyewe. Nilienda kwa mwalimu mkuu, nikamweleza. Akasema karo ya huyo mtoto isinisumbue, nimlete tu, tutaona. Akasema pia nisijilaumu, swali lilikuwa sahihi kwa mujibu wa silabasi. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kupika silabasi akaila jioni. Akarudi kwenye simu yake. Nilimtuma yule msichana wa njia moja apeleke ujumbe Kambu mara mbili, na mara mbili jibu likarudi kwamba ameshukuru. Ameshukuru tu, hakusema anakuja.

Kazi ikanishinda. Nilitakiwa kutunga majaribio ya wiki ya tatu, nikakaa mezani na karatasi. Naandika, mkulima anafaa, nafuta. Mkulima gani? Mbuzi wa maziwa anahitaji maji kiasi gani kwa siku? Mbuzi yuko wapi, na maji yanatoka umbali gani, na ni nani ameyabeba? Kila swali nililolianza nilimwona mtu nyumbani kwake anasomewa. Mimi niliyekuwa natoa maswali thelathini kwa Jumapili moja, nilikaa siku tatu nikapata mawili. Nilikuwa nalia kwa sababu ya karatasi ya mtihani, mtu mzima na diploma. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Mimi wangu alikuja mapema, akakalia dawati tupu kila asubuhi akiniangalia.

Mwalimu wa mazoezi aliyekuwa kwetu muhula huo alinikuta hivyo akaniuliza, kwa heshima, ni nini hasa kinachofanya jibu la uongo liwe zuri. Nilimfokea mpaka akatoka. Baadaye nilimwomba radhi, lakini jibu sikumpa.

Jumamosi moja mwezi wa pili nikaamua kwenda Kambu mwenyewe. Mama alikuwa ametuma mzigo kutoka Mwingi kwa lori la mtu wa kanisa letu, mfuko wa ndengu, karibu debe zima. Nikaona siwezi kwenda mikono mitupu. Nikaubeba.

Hoteli yenyewe ni kibanda cha mabati chenye meza tatu, malori yameegeshwa mbele. Alikuwa anafuta meza. Alikuwa amekonda na amevaa sweta ya shule, nembo ameifumua. Aliponiona alipangusa mikono haraka akanisalimia kama tuko darasani, kidogo asimame wima. Mwenye hoteli akampa dakika chache.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikamwambia karo imezungumzwa, dawati lake liko, hajapitwa na mengi, nitamfundisha mimi mwenyewe jioni mpaka awafikie wenzake. Alisikiliza yote bila kunikata.

"Na Susu na mtoto watakula nini?" akauliza. Sio kwa ukali. Alitaka kujua kama nimefikiria.

"Tutatafuta njia."

"Ni mimi nilimkataza, Madam," akasema. "Susu alitaka kupanda. Mimi ndiye nilimwambia mwenye ng'ombe arudi. Nilimwambia Susu hajui." Alikuwa akikunja kitambaa cha kufutia meza, akikikunjua, akikikunja. "Siwezi kukaa darasani nikisoma na nimewanyima chakula. Acha nifanye kazi mpaka tuvune. Nikirudi nitasoma sana."

"Wewe hujakosa," nikamwambia. "Swali ndilo lilikuwa baya. Mimi ndiye nililitunga vibaya."

"Hapana, Madam. Wewe uliuliza vizuri. Ni mimi sikuwa nimesoma hiyo sura."

Akanitetea, jameni. Nilikuwa nimekuja kubeba mzigo wangu, mtoto anang'ang'ana kunitua. Nikaona afadhali nimpe nilichomletea. Nikaweka mfuko juu ya meza nikamwambia hizi ni za nyumbani, ampelekee Susu.

Alifungua. Mtoto wa kilimo ni mtoto wa kilimo, akatia mkono akatoa ndengu kidogo kwenye kiganja, akazigeuza na kidole. Zilikuwa kubwa, safi, hazina hata tundu la mdudu.

"Umenunua wapi?"

"Sijanunua. Ni za mama yangu, kule Mwingi."

"Zimekuwa mzuri," akasema. Kisha akasema, "Kwenu mvua ilikuwa mingi?"

"Ilikuwa kama ya huku. Wiki tatu, ikafunga."

Alikuwa bado anaziangalia. Nilimjua, nilijua vile anavyotulia anapofika kwenye swali.

"Mlipanda lini, Madam?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nimeshamdanganya Susu kwa kichwa, kwa mjukuu ingekuwa rahisi zaidi, na pengine angenishukuru. Lakini alikuwa ameniinulia macho, na nilishachoka.

"Tulipanda kavu," nikasema. "Ile wikendi ya sikukuu ya Mashujaa, mwezi wa kumi."

"Baada ya mtihani."

"Baada ya mtihani."

"Na wewe ulienda?"

"Nilienda. Mama alishika plau, mimi nikawa nyuma natia mbegu."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana, ningejua pa kushika. Alizirudisha ndengu ndani ya mfuko, moja ikaanguka mezani, akaiokota akaitia pia. Akafunga mfuko kwa mafundo mawili, akauweka chini ya kaunta pale anapoweka vitu vyake.

"Mwambie mama yako asante," alisema.

Dereva mmoja akaitisha chai nyingine, na yeye akaenda kumwekea.